Ulipunguzwa na Nani?

Kati ya sentensi zote zilizoandikwa kuhusu Kakuma mwaka 2025, iliyonichosha kuliko zote ina maneno mawili tu: mgao umepunguzwa. Niliisoma gazetini, nikaisikia redioni ndani ya matatu ya kutoka Lodwar, nikaikuta tena kwenye posti za Facebook za watu ninaowajua na wengine nisiowajua. Si uongo. Mwezi wa Juni mwaka huo Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulishusha mgao wa wakimbizi hadi asilimia 28 ya kile ambacho mtu anapaswa kupata. Baadaye familia zikapangwa kwenye makundi kulingana na uhitaji, na wengine wakabaki bila mgao kabisa. Kwa hivyo sina ugomvi na ukweli wa sentensi hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba inakatika pale pale msomaji anapotaka kuuliza swali. Ulipunguzwa na nani?

Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliposhindikana, lakini hili halihitaji digrii. Ni sarufi ya Fomu Tu. Kitenzi "punguza" ukikitia kwenye kauli ya kutendwa kinakuwa "punguzwa", na mtendaji anahamia nyuma, baada ya neno dogo "na". Mgao umepunguzwa na fulani. Kiswahili hakikulazimishi umtaje huyo fulani, ila kimemwekea kiti. Mwandishi akikiacha kiti wazi, msomaji atamtafuta mtu wa kumkalisha. Na kuna vichwa vya habari vibaya zaidi ya hivyo: mgao wapungua, huduma zakwama, uhasama wazuka. Hapo hata kiti hakipo. Mgao unapungua kama maji ya Turkwel wakati wa kiangazi, uhasama unazuka kama kimbunga cha vumbi cha alasiri, na sisi wote tunafunga macho tukisubiri kipite.

Nimefuatilia kwa miaka kadhaa jinsi Kakuma inavyoandikwa, magazetini na mitandaoni, na ninaona mgawanyo wa kazi ambao hakuna mtu aliyekaa akaupanga. Gazeti linaacha kiti wazi, mtandao unakijaza. Na mtandao haukijazi na mtu aliye mbali, kwa sababu aliye mbali hana sura. Unamkalisha jirani. Upande mmoja utasoma kwamba chakula kimeisha kwa sababu wakimbizi ni wengi mno, kwamba wanauza wanachopewa, kwamba wamekula kuni na maji ya Turkana na sasa wanataka ardhi. Upande wa pili utasoma kwamba wenyeji wana wivu, kwamba wao ndio wezi wa usiku, kwamba polisi ni wao. Komenti mia tatu, na hakuna hata moja inayomtaja mtu aliyeshika kalamu.

Basi tumtaje. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ofisini, Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Siku hiyo hiyo alitia saini nyingine iliyosimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi Marekani, mpango ambao ulikuwa ndoto ya nusu ya watu wa Kakuma. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa WFP. Ilipofika Julai, shirika lao la USAID lilikuwa limefungwa. Februari, Uingereza nayo ilitangaza kwamba itashusha msaada wake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 kufikia mwaka 2027. Hao ni watu wenye majina, tarehe na saini. Kwenye sentensi ya "mgao umepunguzwa na..." hao ndio wa kukaa mbele. Nyuma yao kuna wengine, na mmoja ni wa hapa hapa nyumbani, nitamfikia.

Mtu ataniambia, wewe unaongea sarufi watu wakiwa na njaa. Ndiyo, kwa sababu njaa hiyo ina majirani wawili, na sarufi ndiyo inayoamua watashikana mikono au watashikana mashati. Machi 2025 wakimbizi waliandamana Kakuma juu ya chakula na maji, na polisi wakafyatua risasi, watu wakajeruhiwa. Miezi michache baadaye maandamano yalirudi. Nilisoma komenti za watu wangu wa Lodwar siku zile. Wengi walikuwa wanashangilia polisi. Walishangilia kwa sababu walikuwa wameelezwa, posti baada ya posti, kwamba ule ni ugomvi kati ya mgeni asiye na shukrani na mwenyeji aliyechoka. Hakuna aliyewaambia kwamba njaa ya yule anayeandamana ingefika mlangoni kwao kabla ya mwezi kuisha.

Ilifika. Shangazi yangu anauza makaa na kuni Kakuma mjini, na wateja wake karibu wote wako ng'ambo ya pili, kambini. Wengi hawamlipi pesa. Wanampa unga, mafuta kidogo, maharagwe, kutoka kwenye mgao wao. Hivi ndivyo uchumi wa Kakuma unavyokwenda kwa akina mama wengi wa Kiturkana: makaa yanaingia kambini, unga unatoka. Wengine wanafua nguo na kuteka maji kwenye nyumba za wakimbizi kwa malipo hayo hayo. Kwa hiyo mgao uliposhuka hadi asilimia 28, wa kwanza kupunguziwa walikuwa wakimbizi, na wa pili alikuwa shangazi, ambaye hayumo kwenye orodha ya WFP wala hajawahi kushika kadi yao. Aliniambia kwa simu, "Hao wakikatiwa, mimi ndiye nalala njaa." Sentensi moja, na ndani yake kuna uhusiano ambao sijauona kwenye kichwa chochote cha habari.

Hili si jambo la siri. Tangu mwaka 2015 sehemu ya msaada ilianza kuja kama pesa za simu za kununulia chakula, mpango ulioitwa Bamba Chakula, na wenye maduka waliosajiliwa walikuwa wakimbizi na wenyeji. Mwaka 2018 shirika la IFC, tawi la Benki ya Dunia, lilichapisha utafiti ulioiangalia Kakuma kama soko: matumizi ya familia yalikadiriwa kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zilikuwa zaidi ya 2,000. Nani asiyejua jinsi soko hilo linavyokwenda? Linakwenda kwa daftari la madeni. Mteja anachukua sasa, analipa msaada ukiingia. Msaada usipoingia, mwenye duka anakufa na mteja wake. Ukitaka kujua kilichotokea Kakuma mwaka 2025, daftari moja la duka litakueleza zaidi ya hotuba kumi.

Mhariri mmoja wa Nairobi, ambaye sitamtaja, aliwahi kuniagiza stori ya maneno elfu moja kuhusu "hali ya Kakuma". Alitaka mwenyeji mwenye hasira na mkimbizi mwenye hofu, na picha ya kila mmoja. Nilimpelekea mwenye duka Mturkana na mteja wake kutoka Sudan Kusini wakihesabu deni pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Alinijibu kwamba imeandikwa vizuri lakini haina mgogoro. Haikutoka, na pesa haikuja. Nimeifikiria sana ile kauli ya kwamba haina mgogoro. Mle ndani kulikuwa na mgogoro mkubwa: watu wawili dhidi ya ofisi tatu zilizo katika mabara matatu. Kilichokosekana ni ugomvi wa kupigia picha.

Nimesema upande mmoja sasa. Tuje kwa upande wetu, kwa sababu Waturkana nasi tuna sentensi yetu ya kutendwa, na tunaipenda: Turkana imesahauliwa. Kila mwanasiasa anaifungulia nayo hotuba. Kila posti ya hasira juu ya wakimbizi inaanza nayo: sisi tumesahauliwa, wao wanapewa. Na mimi naikubali. Nimeishi ndani yake. Mtu wa Nawoitorong akipanda gari la Kitale, akishapita Kainuk, atakuambia kwamba ameingia Kenya. Hatanii sana.

Lakini tumesahauliwa na nani? Tena hapa majibu yapo, yameandikwa na yana tarehe. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, mahali ambapo kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Ilituona wa mbali kiasi kwamba ilipotaka kumficha Jomo Kenyatta ilimfunga Lokitaung, kisha ikamleta Lodwar mwaka 1959, akakaa hapa mpaka 1961. Huyo huyo Kenyatta alipokuwa rais, serikali yake ilipitisha Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965, ambao ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo zipelekwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara, ambako zingezaa haraka. Hiyo si kusahau. Mtu anayesahau hana karatasi. Hao walikaa, wakahesabu, wakaamua. "Tumesahauliwa" ni neno la adabu mno kwa kazi iliyofanywa kwa makusudi. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, vijana waliotoroka vita vya Sudan walipoingia wakiwa wamechoka na miguu yao. Kufikia hapo Waraka ule ulikuwa na umri wa miaka 27. Mkimbizi hakuukuta mezani aukalie.

Sasa weka sentensi hizo mbili pamoja. Mgao umepunguzwa. Turkana imesahauliwa. Zote zina kiti kitupu, na mtandao umegundua njia rahisi ya kuvijaza vyote viwili: mwenyeji anakaa kwenye kiti cha sentensi ya mkimbizi, mkimbizi anakaa kwenye kiti cha sentensi ya mwenyeji. Wenye kalamu hawana hata haja ya kujitetea, maana hakuna aliyewaita.

Kinachonishangaza zaidi ni kibali. Wazee wetu walihitaji karatasi ili kutoka Turkana. Leo mkimbizi wa Kakuma anahitaji karatasi ili kutoka Kakuma. Akikamatwa Kitale bila hiyo ana kesi. Ni udongo ule ule, wazo lile lile la serikali kwamba kuna watu wa kuwekwa mahali. Ningetarajia Mturkana na mkimbizi wawe na mazungumzo marefu sana juu ya hilo. Badala yake tunapewa habari inayoanza na "mvutano umeendelea kushuhudiwa".

Nilisema kuna mtendaji wa hapa nyumbani. Yuko ndani ya methali ambayo watu wanaitumia sana mtandaoni dhidi ya wakimbizi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanaiandika kama tusi, yaani hawa wamekaa zaidi ya miaka 30, wamezidisha. Ila isome tena polepole. Methali haimlaumu mgeni. Inamwambia mwenye nyumba: mpe jembe. Je, Kenya ilitoa jembe? Kwa miongo mitatu sera ilikuwa kwamba mkimbizi akae kambini. Kibali cha kazi kilikuwa kigumu kama meno ya kuku. Mwaka 2014 Bunge lilijaribu hata kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima, na Mahakama Kuu ikakifuta Februari 2015. Sheria mpya ya Wakimbizi, iliyopitishwa 2021 na kuanza kutumika 2022, ndiyo iliyofungua mlango wa kazi kidogo. Kwa hivyo mgao ulipokatwa, uliwakuta watu ambao kwa muda mrefu walikuwa wamezuiwa kujitafutia. Nani alizuia? Huyo naye apewe kiti chake. Mtu anayeandika methali ile bila swali hilo amemkabidhi mgeni lawama ya jembe ambalo hakupewa.

Sisemi magazeti hayawataji wakubwa. Yanawataja sana, lakini wakati wa kutoa amri tu, na hapo yanawaandika kama radi. Mei 2016 Katibu wa Wizara ya Usalama wa Ndani, Karanja Kibicho, alitangaza kwamba Kenya itafunga kambi zake. Machi 2021 Waziri Fred Matiang'i aliwapa UNHCR siku 14 walete mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma, kisha zikakubaliwa kuwa zitafungwa kufikia tarehe 30 Juni 2022. Kila mara vichwa vya habari vilikuwa vikubwa, mtandao ukawaka, waliotaka wafukuzwe na waliotaka wabaki wakatukanana wiki nzima. Halafu tarehe ikafika, ikapita, kambi zikabaki. Tarehe ya kufunga ilikuwa habari. Kutofunga hakukuwa habari. Msomaji aliyejenga hasira yake juu ya ile amri hakupewa mahali pa kuishusha. Amebaki nayo, na ndiyo anayoiandika kwenye komenti mpaka leo.

Aliyeuliza swali la sarufi vizuri kuliko waandishi alikuwa jaji. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alisema uamuzi wa kuifunga Dadaab ulikuwa kinyume cha Katiba. Ukiondoa lugha ya kisheria, alichofanya ni kuuliza: nani ameamua, kwa mamlaka gani, na je, wanaohusika walisikilizwa? Hayo ni maswali ya mwandishi wa habari wa mwaka wa kwanza. Hayahitaji wigi.

Na mtandao wenyewe, ili niutendee haki, umewahi kufanya kazi ambayo magazeti yaliikwepa. Aprili 2014, baada ya milipuko ya Eastleigh, serikali iliendesha Operesheni Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi Wasomali, wakiwemo raia wa Kenya, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Neno la habari lilikuwa "msako" na "operesheni", maneno yasiyo na mikono. Wakenya kwenye Twitter wakaanzisha hashtegi ya #KasaraniConcentrationCamp. Unaweza kusema waliongeza chumvi. Lakini hashtegi ile ilifanya jambo moja ambalo taarifa ya saa moja haikulifanya: ilitaja mahali, na ikamlazimu mtu wa serikali kujibu ni nini kinachofanyika ndani ya uwanja ambao kodi yetu ililipia. Kwa hiyo sitaki kusikia ile hadithi nyepesi ya kwamba gazeti ni la watu wazima na mtandao ni wa wahuni. Tofauti haiko kwenye chombo. Iko kwenye "na nani".

Kuna aina nyingine ya habari ambayo watu wengi wema wanaipenda, na mimi inanikera taratibu: habari ya mafanikio. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, kule Rio, ilikuwa na wanariadha kumi, na watano kati yao walikuwa vijana wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma, wakinolewa na Tegla Loroupe. Halima Aden, mwanamitindo, alizaliwa Kakuma. Awer Mabil, aliyechezea Australia kwenye Kombe la Dunia la 2022, alizaliwa Kakuma. Ninawafurahia, nani asiyewafurahia? Lakini angalia vitenzi. Alizaliwa Kakuma, akachaguliwa, akapelekwa, akapewa nafasi. Katika habari hizi Kakuma ni mahali pa kutoka tu, na mtu anakuwa mtu akishaondoka. Anayebaki na kufungua duka la kuchaji simu hana habari. Habari ya hofu na habari ya mafanikio zinaonekana kama maadui mtandaoni, moja inabandikwa kuijibu nyingine, lakini zote mbili hazina nafasi ya yule anayeishi hapa, awe mkimbizi au Mturkana.

Je, kuna wanaoandika vingine? Wapo, na si wa mbali. Mwaka 2008 wakimbizi waliokuwa waandishi wa habari makwao, Waethiopia na wengine, walianzisha KANERE, gazeti la mtandaoni la kambi ya Kakuma, lisilo chini ya UNHCR wala serikali. Lilipata upinzani mkali toka mwanzo, na nikilisoma ninaelewa kwa nini: habari zake zina watendaji. Bomba la maji likikauka, wanataja nani anapaswa kulisukuma. Nina lawama moja kwake, nayo ni lugha. Limeandikwa Kiingereza, kwa wasomaji walio mbali wenye uwezo wa kushinikiza. Hilo lilikuwa na sababu zake. Lakini shangazi hawezi kulisoma, na posti zinazomfikia yeye ni zile za Kiturkana na Kiswahili, zilizoandikwa na watu wasioangalia hata tarehe.

Redio ndiyo imekaribia zaidi. Ng'ambo ya mpaka, Ngara nchini Tanzania, Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera mwaka 1995, miezi tu baada ya mauaji ya Rwanda, ambayo redio nyingine ilikuwa imeyachochea. Kwizera ilirusha matangazo kwa wakimbizi na kwa wanakijiji wa Ngara kwa pamoja, masikio ya pande zote mbili kwenye habari moja. Kakuma nasi tuna kituo ambacho jina lake pekee ni somo: Ata Nayeche. Ata ni bibi. Nayeche ni yule mwanamke wa Kijie ambaye, kwa simulizi za wazee, alitoka upande wa Uganda ya leo akimfuata fahali wa kijivu, Engiro, mpaka bonde la Tarach, na kutoka kwake tukapata Waturkana. Tarach ndiyo laga inayopita Kakuma. Yaani bibi yetu wa kwanza alivuka mpaka, tena kwa sababu ya njaa. Katika Kiturkana neno emoit linaweza kuwa mgeni na linaweza kuwa adui, hatukuwahi kulitenganisha. Nayeche alikuwa wa upande gani wa neno hilo siku ya kwanza alipofika?

Najua magumu ya kazi hii, nayafanya. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa stori, si kwa siku. Kuingia kambini kunahitaji ruhusa, na mara nyingi gari ni la shirika, na shirika lina stori yake. Kumtaja afisa kunaweza kukufungia mlango, wakati kumtaja jirani hakukugharimu kitu, na kunaleta komenti. Ndiyo maana kiti kinabaki wazi. Si lazima kuwe na njama. Inatosha kwamba kila mtu amechoka na anataka kutuma kazi kabla bando halijaisha.

Ila bei inaongezeka. Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi zigeuke kuwa makazi ya pamoja na miji inayojisimamia, wakimbizi na wenyeji wakitumia shule na hospitali zilezile. Ni Ruto huyo huyo ambaye Aprili 2015, akiwa naibu wa rais, aliipa UNHCR miezi mitatu iiondoe Dadaab. Mtu anaruhusiwa kubadilisha msimamo. Lakini mwandishi anaruhusiwa, hata analazimika, kumuuliza kilichobadilika ni nini. Mpango wenyewe unaweza kuwa jembe tulilolingoja tangu 1992. Unaweza pia kuwa njia ya wafadhili kuondoka huku wakipiga makofi. Sitaamua hapa.

Ninachojua ni kwamba habari zake zimeshaanza kuja katika kauli ileile. Kakuma inafanywa manispaa. Ardhi itatengwa. Wenyeji watahusishwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii, ambayo kwa sheria ya mwaka 2016 inapaswa kusajiliwa kwa jina la jamii yenyewe, na mingi haijasajiliwa. Kwa hiyo nikiona "ardhi itatengwa", nataka kujua itatengwa na nani, kutoka kwa nani, kwa sahihi ya nani, na mwenye mbuzi anayelisha pale ameambiwa lini na kwa lugha gani. Maswali hayo yakikosa majibu kwenye aya ya kwanza ya gazeti, yatapata majibu Facebook kabla ya saa sita mchana, na jibu litakuwa jina la kabila. Wahariri wa Nairobi wanaweza kuanza na kitu kidogo tu: stori ya Kakuma ikifika mezani, watafute kila kitenzi cha kutendwa na wamrudishie mwandishi kwa simu, hata kama ni usiku, wamuulize na nani. Nami nitapokea.